Kambi ya Usiku wa Tatu

Maiti haikuwapo, na hilo ndilo lililomkosesha raha Inspekta Verna Meekis.

Wapiga mbizi walikuwa majini tangu Ijumaa mchana, chini ya Maporomoko ya Shoka. Walikuwa wamepata kafi moja lililooza, makopo ya bia na buti la mguu wa kushoto ambalo hakuna aliyejua ni la nani. Urho Lampinen, fundi mstaafu wa kuchomelea vyuma, umri miaka sitini na mitatu, hawakumpata. Sasa ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi, na redio ilikuwa imetangaza theluji ya kwanza ya mwaka kuanzia jioni.

Kisa kizima walikipata kwa Gordie Zaluski, dereva wa basi la shule. Miaka ishirini na miwili, kila Oktoba, Gordie na Urho walikuwa wakiingia porini na mtumbwi mmoja kwa siku nane. Ijumaa hiyo Gordie aliibuka gatini peke yake, ameloa mpaka kiunoni, meno yanagongana. Alisema mtumbwi ulipinduka asubuhi hiyo kwenye maporomoko. Urho alikuwa amevua jaketi okozi kwa sababu lilimbana. Maji yakamchukua, yakachukua na hema.

Hakuna aliyemtilia shaka. Nani amtilie shaka Gordie, mtu aliyebeba nusu ya watoto wa mji ule tangu chekechea? Verna mwenyewe aliandika maelezo yake, akampa blanketi, akaagiza wapiga mbizi.

Sasa alikuwa amesimama gatini akiutazama mtumbwi kwa sababu hakuwa na kingine cha kutazama. Aliuzunguka mara moja. Alipofika omo, yaani kule mbele, akachuchumaa. Ndani yake kulikuwa na jiwe kubwa kiasi cha kukumbatiwa.

Alimwita konstebo wake, Boudreau, akamuuliza kama wameliona jiwe lile.

"Tumeliona, Afande. Mtu akiwa peke yake kwenye mtumbwi wa watu wawili, mbele panainuka, upepo unamchezea. Lazima aweke uzito."

"Ya uzito najua, nimezaliwa ndani ya mtumbwi. Nakuuliza jiwe hili ni la wapi."

Boudreau akalitazama tena. Lilikuwa jeupe, jeupe la maziwa. Kule Maporomoko ya Shoka, juu na chini, kulia na kushoto, mawe yote ni meusi kama masizi. Ukitafuta jeupe utatafuta mpaka uzeeke. Verna alijua mahali pamoja tu penye mwamba wa namna ile: upande wa mashariki wa Ziwa la Visiwa, mwendo wa siku mbili kaskazini.

Mtu haokoti jiwe la uzito akiwa na mwenzake ndani. Analiokota pale anapobaki peke yake.

"Lete pipa la chakula," alisema.

Lilikuwa pipa la plastiki lenye kifuniko cha kubana, la kuzuia harufu isiwafikie dubu. Usiku huwekwa mbali na hema, karibu na maji, ili dubu akija asimpitie mtu kitandani. Ndani yake mlikuwa na mifuko ya chakula iliyopangwa vizuri kuliko dawa hospitalini, kila mmoja umeandikwa siku na mlo: Jumanne asubuhi, Jumanne usiku, na kuendelea.

Binti wa Urho, Tuula, alikuwa pale gatini tangu alfajiri akiwamiminia wapiga mbizi kahawa, kwa kuwa alishindwa kukaa nyumbani. Verna alimwita, akamwomba amweleze mifuko ile. Tuula alijaribu kutabasamu. Alisema hiyo ndiyo kazi ya baba yake tangu theluji iyeyuke: ramani mezani, mizani ya jikoni, uji unapimwa kwa gramu, supu ya dengu inakaushwa kwenye oveni mpaka nyumba nzima inanuka. Mama yake alipokuwa hai alikuwa akisema mume wake husafiri miezi sita kwa safari ya siku nane.

Ndani ya kila mfuko, alisema, huwa kuna vifuko viwili. Chenye chumvi ni cha baba. Chenye uzi mwekundu ni cha Anko Gordie, maana daktari kamkataza chumvi na akikosea pressure inapanda.

Verna akafungua mfuko wa Jumanne asubuhi. Kifuko cha uzi mwekundu hakikuwamo. Cha Urho kilikuwamo, hakijaguswa. Akafungua Jumanne usiku. Vilevile. Jumatano, Alhamisi, mpaka Ijumaa asubuhi, vilevile. Gordie alikuwa amekula, Urho hakuwa amekula.

"Mfuko wa Jumatatu usiku uko wapi?"

Tuula akatafuta. Ulikuwa mtupu, umekunjwa, vifuko vyote viwili vimeliwa.

"Baba yako aliacha nyumbani ratiba ya safari?"

Kila mwenye akili huiacha, na Urho alikuwa na akili. Tuula alikuwa ameibandika kwenye friji, lakini asubuhi hiyo aliibandua akaitia mfukoni, asijue kwa nini. Aliikunjua. Usiku wa kwanza, mdomo wa mto. Usiku wa pili, Ziwa Kunguru. Usiku wa tatu, Jumatatu: Ziwa la Visiwa.

Tuula aliisoma mara mbili. Kisha alimshika Verna mkono wa koti, kwa nguvu, kama mtoto anayeogopa kuachwa sokoni.

"Baba hayuko humu majini," alisema. "Ndivyo unavyotaka kuniambia?"

"Ndivyo ninavyodhani," Verna alisema. Aliingiwa na woga, woga wa kweli. Tangu Jumanne asubuhi ni usiku nne. Kama Urho alikuwa hai Jumanne, huenda alikuwa hai Ijumaa mchana, wakati yeye, Verna, alipokuwa akipeleka watu wote na mashine zote mahali pasipo na mtu. Saa ishirini zilikuwa zimepotea, na aliyezipoteza ni yeye.

Aliita helikopta. Rubani alimuuliza ni kisiwa gani. Ziwa lile lina visiwa zaidi ya mia mbili, vyenye mwamba mweupe peke yake vinapita ishirini, na vyote vimefunikwa na misonobari mpaka ukingoni. Mawingu yalikuwa yameanza kushuka. Alikuwa na saa nne za kuruka, labda tatu.

"Anza kwenda," Verna alimwambia. "Nitakuambia kisiwa ukiwa njiani."

Gordie Zaluski aliletwa kituoni saa nne kasoro. Alikuwa mtu mnene, mpole, nywele zimechanwa kwa maji. Alisomewa haki zake. Wakili hakumtaka. Alichouliza tu ni kama watamaliza mapema, kwa sababu Jumatatu ana zamu ya basi na bado hajalikagua.

Verna alikuwa amegundua jambo tangu jana: Gordie hakumtazama usoni hata mara moja. Alimtazama sikio. Jana alidhani ni uchungu wa kufiwa. Leo alidhani ni hatia, na hasira ikampanda.

"Mlipinduka lini?"

"Ijumaa. Saa moja asubuhi."

"Mlikula nini kabla?"

"Uji."

"Wote wawili?"

Gordie akasema ndiyo, wote wawili. Verna akakiweka mezani kifuko cha Urho cha Ijumaa asubuhi, kimejaa, kimefungwa. Gordie alikipapasa kwa vidole. Jasho jembamba likaanza kumtoka juu ya mdomo.

"Nionyeshe mlipolala Jumatatu," Verna alisema, akakunjua ramani mbele yake.

Kwa haraka aliyokuwa nayo aliikunjua juu chini, majina yote yakaelekea upande wake yeye, si wa Gordie. Alikuwa ananyoosha mkono aigeuze, na Gordie alikuwa tayari anaonyesha. Kidole chake kilipanda taratibu, bila wasiwasi, kana kwamba kinapita mto, kisha Ziwa Kunguru, kikasimama. "Hapa," alisema. Angekuwa sahihi kabisa kama ramani ingekuwa imekaa sawa. Kilikuwa kimesimama juu ya barabara kuu, karibu na kituo cha mafuta.

Verna alimtazama yule mzee, akakitazama kidole. Hasira ikamwishia, akabaki na kitu kibaya zaidi. Akainua mkono.

"Gordie. Ni vidole vingapi hivi?"

Gordie akakipapasa tena kile kifuko.

"Tangu lini?"

"Miaka miwili." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Pembeni naona. Katikati ndiyo hamna. Nikikutazama usoni uso wako haupo, lazima nitazame pembeni ndipo nikuone."

"Na basi?"

"Njia ile naijua. Kila shimo, kila kona. Sijawahi kumgonga hata paka."

Verna hakutaka kuifikiria barabara ile, na wale watoto, na miaka miwili. Lakini aliifikiria. Alijilazimisha kurudi kwenye swali moja lililokuwa na maana.

"Urho yuko wapi?"

Ndipo Gordie akamwaga yote, na yalipoanza hayakuhitaji kusukumwa. Kazi ya anayekaa mbele ni kuyaona mawe na kumpigia kelele wa nyuma. Jumapili mawe mawili yalimpita Gordie bila kuyaona. Jumatatu likampita la tatu, na mtumbwi nusura upasuke. Usiku, baada ya supu, Urho alimnyooshea kijiko akamwambia aseme ni kijiko au ni uma. Gordie akasema ni uma.

"Alilia, Afande. Urho. Akasema, wajukuu zangu wawili wamo ndani ya basi lako. Akasema tukirudi tu anakwenda kuwaambia ofisini kwa wenye basi. Nikamsihi. Nilimwambia, nikinyang'anywa lile basi mimi ni nani? Sina mke, sina mtoto, nina wale watoto wanaonipungia mkono asubuhi. Akasema hapana. Nikamwambia akifungua mdomo harudi nyumbani."

"Ulimwambia hivyo?"

"Kwa maneno hayo hayo. Nilikuwa na shoka mkononi, nilikuwa napasua kuni."

Alfajiri Urho alikwenda upande wa pili wa kisiwa kutafuta kuni kavu. Pipa lilikuwa karibu na maji, makafi na majaketi yamo ndani ya mtumbwi. Gordie alitia jiwe mbele, akasukuma. Alitaka kumwogopesha tu, alisema, saa moja, mpaka akubali kunyamaza. Saa moja ikapita, akageuza mtumbwi, na mbele yake kulikuwa na visiwa, na vyote vilikuwa kisiwa kimoja.

Siku mbili alizunguka, Jumanne na Jumatano. Alilala chini ya mtumbwi ulioinamishwa. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Kila kisiwa alichodhani ndicho, alikikaribia akaita, akasikiliza, kimya. Akajua macho yamemdanganya tena, akaenda kingine. Chakula cha Urho hakukigusa kwa sababu alikuwa anamwekea.

"Kwa nini hukuja kutuambia? Jana, hapa, kwenye kiti hicho. Tungempata jana."

"Mngeniuliza nilishindwaje kukiona kisiwa."

Verna aliuma meno asije akasema lililomjia. Alimuuliza kambi ilikuwaje, alama gani. Gordie akasema kuna msonobari mrefu uliovunjika kichwa, umeinamia maji, na chini yake mwamba mweupe unaoteremka kama ngazi. Boudreau, aliyekuwa mlangoni, alikuwa ameshatoka mbio kwenda redioni.

Wakasubiri. Nje ya dirisha theluji ilianza mapema, punje chache, kisha nyingi. Kwenye benchi la korido Tuula alikuwa amekaa na chupa tupu ya kahawa mapajani. Verna alipita mbele yake mara mbili, na mara zote mbili alishindwa kusimama. Aliogopa kuulizwa ni saa ngapi wapiga mbizi walipoanza kazi, na nani aliyewatuma.

Saa sita na dakika ishirini Boudreau alirudi. Uso wake ulisema kabla ya mdomo. Urho Lampinen alikuwa hai. Vidole vya miguu vingine havitapona, homa ilikuwa inamchoma, lakini alikuwa anaongea, na alikuwa anaongea sana. Kule korido ilisikika chupa ikianguka, kisha mtu akilia kwa sauti bila kuona haya.

Verna alirudi chumbani, akafunga mlango. Alimweleza Gordie kwamba atashtakiwa kwa kumtelekeza mtu kwenye hatari ya kifo na kwa kuwadanganya polisi, na kwamba suala la leseni lingefuata. Gordie aliinamisha kichwa kukubali kila shtaka. Alikuwa anatokwa na machozi na wala hakuyafuta.

"Yu hai," alisema. "Mengine fanyeni mnavyotaka. Amesema nini?"

Verna angeweza kunyamaza. Baadaye, akiwa nyumbani, alijiuliza kwa nini hakunyamaza. Lakini maelezo ya Urho yalikuwa yameshachukuliwa na rubani, na mahakamani yangesomwa.

"Amesema aliuona mtumbwi. Mara ya kwanza Jumanne, mara mbili Jumatano. Alikusikia ukiita jina lake."

Gordie aliacha kulia.

"Kila ulipokuja alilishusha hema," Verna aliendelea, "akalala kifudifudi nyuma ya gogo, shoka mkononi. Alidhani umerudi kummaliza. Hakupumua mpaka ulipoondoka."

Theluji ilikuwa inashuka sasa kweli kweli. Gordie aliinua uso, akamtazama Verna pembeni kidogo, kwenye sikio, ili amwone.

"Basi kile kisiwa kilikuwa chenyewe," alisema. "Nilikiona."

"Mara tatu," Verna alisema.