Koti Jeupe la Kuazima

Fundi alikuwa mchora mabango. Kazi yake ilikuwa kupamba biashara za watu. Kinyozi mwenye kiti kimoja alichorewa viti vitano. Kuku wa mwenye mgahawa, waliokonda wakabaki mifupa, kwenye bango walinona mpaka wapita njia wakameza mate. Mtu akimcheka, fundi humjibu, "Sidanganyi, ndugu yangu. Natia chumvi kidogo tu."

Mtu wa kazi hiyo alipaswa kuwa wa mwisho kudanganywa na picha. Lakini alidanganywa, tena mchana kweupe.

Alikuwa na binti mmoja, aliyemaliza shule kwa alama nzuri. Binti alitaka kuwa mkunga. Chuo cha uuguzi cha hapo mjini kilimpa nafasi, kikataka jibu kabla ya Ijumaa. Baba akafungua tovuti ya chuo hicho kwenye simu. Ilikuwa ukurasa mmoja, maneno yamebanana, na picha ya geti iliyopigwa upande.

"Watu hawajui hata kupanga herufi," alisema. "Watajua kumzalisha mtu?"

Kulikuwa na chuo kingine, cha nchi ya mbali, nacho kilikuwa kimemkubali binti kusomea Sayansi ya Uzazi. Tovuti yake ilikuwa na majani ya kijani, madirisha marefu na vijana wa kila rangi wakicheka. Juu wameandika kwa Kiswahili: "Karibu nyumbani." Katikati alikuwepo msichana mweusi mwenye koti jeupe, anachungulia hadubini.

"Tazama rangi zilivyopangwa," fundi alisema. "Mtu hawezi kufanya kazi safi namna hii halafu awe mbabaishaji."

"Baba, tuulize kwanza."

"Tumuulize nani? Si unamwona mwenzako huyo?"

Akakaa mezani, akaandika barua ya kukataa nafasi ya chuo cha mjini. Aliiandika kwa mwandiko wake wa kazi, herufi moja moja, akaipeleka mwenyewe Alhamisi asubuhi.

Wiki iliyofuata walikwenda maktaba kuchapisha fomu za safari. Mkutubi alikuwa jirani yao, mama aliyewahi kusoma ng'ambo.

"Shikamoo, shangazi," binti alisema.

"Marahaba, mwanangu. Lete simu nione hicho chuo."

Akaitazama ile picha. Akacheka, lakini si kicheko cha furaha.

"Fundi, unamjua huyu?"

"Ni mwanafunzi wa ukunga."

"Huyu ni mimi."

Fundi akamtazama mama, akaitazama picha. Kweli, ni yeye, kabla hajanenepa.

"Nilikuwa nasomea ukutubi," mama alisema. "Maabara ile niliingia siku hiyo tu. Mpiga picha alitaka mtu wa kwetu. Wakaniazima koti, wakaniambia nichungulie hadubini. Haikuwa na kitu ndani. Mwaka wa tisa huu, bado nachungulia."

"Kumbe ni matapeli!"

"Hapana. Chuo ni cha kweli, na walimu walinifundisha vizuri. Lakini tovuti ni bango, fundi. Na si bango la chuo peke yake. Nchi nzima iko nyuma yake. Wanataka vijana wa kila taifa wasome kwao, wawazoee, wawapende. Vijana hao wakirudi makwao na kupata vyeo, watawasemea mema na kufanya nao kazi. Hiyo nayo ni nguvu, ingawa haibebi bunduki. Mimi mwenyewe mpaka leo nawasifu. Kuwapenda si kosa. Kosa ni kuchagua masomo kwa kutazama picha."

"Sasa tungefanyaje?" binti aliuliza.

"Teremka mpaka chini kabisa ya ukurasa. Utamu wanauweka juu."

Binti akateremka. Chini, kwa maandishi madogo, akasoma: "Masomo haya hayampi mhitimu leseni ya kuhudumia wagonjwa."

Fundi akainamia simu, akausoma mstari huo mwenyewe.

"Kisha pigia simu baraza la wauguzi la hapa kwetu," mama aliendelea. "Uliza kama shahada hiyo inatambuliwa. Halafu mtafute mwanafunzi aliyeko huko sasa, ambaye hayumo kwenye picha. Huyo ndiye atakayekwambia ukweli."

Binti akapiga simu palepale. Alijibiwa kwa dakika mbili. Haitambuliwi. Akaiweka simu mezani, akalia bila hata kujifunika uso.

Walitoka hapo mbio hadi chuo cha mjini. Karani aliwapokea kwa upole.

"Nafasi ile tumempa mwingine," alisema. "Barua yenu tuliipata. Mwandiko mzuri kweli."

Njiani binti alisema neno moja tu. "Nilikwambia tuulize." Ni kweli, baba aliambiwa.

Mwaka mzima binti alikaa nyumbani akiosha brashi za baba yake. Wenzake walipita barabarani na sare za uuguzi. Baba akimwita aliitika, lakini hakumsemesha.

Aliomba tena nafasi chuo cha mjini. Safari hii alipigia simu baraza la wauguzi kwanza, akaenda wodini kuongea na wanafunzi, akasoma maandishi madogo yote. Barua ya chuo ilipofika, baba alinyoosha mkono aipokee.

"Hii nitajibu mwenyewe," binti alisema.

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Fundi alisubiri nje mpaka akatoka na bahasha iliyokwisha kubandikwa. Hakuthubutu kuuliza kilichoandikwa.

Sasa binti anasoma. Juzi alisaidia kumzalisha mama mmoja kwa mara ya kwanza; mtoto ni wa kike, na mama mtu yuko salama. Wazazi wengine wa mtaani humletea fundi simu zao wamuonyeshe vyuo vya mbali. Naye huwapeleka maktaba kwa mkutubi, hataki hata kuzitazama picha.

Mtu akimuuliza fundi binti yake yuko mwaka wa ngapi, hujibu, "Wa kwanza." Kisha, hata kama hakuulizwa zaidi, huongeza, "Angekuwa wa pili. Mimi ndiye niliyemchelewesha."