Abiria wa Gari la Mwalimu

Jua lilikuwa linazama Dada Spana alipoingia uani kwa mwalimu na betri mpya begani. Alikuwa fundi wa magari, mwanamke wa miaka arobaini hivi, kucha zake hazijawahi kutakata, na hiyo ilikuwa jioni yake ya tatu kwenye kazi ile. Jioni mbili za kwanza alimwaga petroli iliyooza tangini, akasafisha kabureta, akabadili oili na plagi, akafunga magurudumu mengine. Gari lilikuwa limelala gerejini miaka ishirini, uso ukitazama milango. Gia bado ilikuwa inamgomea, ila hiyo ingesubiri; lilibaki kuwashwa tu.

Mwalimu alikuwa mzee mstaafu, mpole, anayeongea kama anaogopa kumwamsha mtu. Mtaa mzima ulijua kwamba mkewe alimkimbia miaka hiyo ishirini iliyopita, akamwachia binti wa miaka sita. Sasa binti alikuwa mtu mzima na kwake, na kesho yake angekuja kumchukua baba wakaishi pamoja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi. Leo litaamka?"

"Lisipoamka, kesho mimi nashika chaki na wewe ushike spana."

Mwalimu hakucheka. Aliivuta milango ya mbao ya gereji, mmoja, kisha wa pili, akasukuma komeo.

"Acha wazi, mwalimu. Moshi utatumaliza humu."

"Nitafungua likishawaka," alinong'ona. "Majirani wana macho."

Dada Spana alitikisa kichwa. Wazee na mambo yao. Akafunga betri, akakaza vichwa vyake, akashusha boneti, akaketi kwenye usukani. Mlango wa upande wake aliuacha wazi.

Akazungusha ufunguo.

Injini ilikohoa mara mbili, ikashika. Ikanguruma laini, kama gari lililozimwa asubuhi ile ile. Akatabasamu. Hakuna raha ya fundi inayozidi hiyo.

Ndipo mlango wa upande wake ukafungika.

Haukubamizwa. Ulijifunga polepole, kama umesindikizwa na mkono. Kisha vitufe vya milango vikashuka, kimoja baada ya kingine.

Tk… tk… tk… tk.

Alikivuta cha kwake. Hakikusogea. Akazungusha mkono wa kushushia kioo, ukazunguka bure. Akazima gari, akachomoa ufunguo kabisa.

Injini iliendelea kunguruma.

Aliutazama ufunguo kiganjani mwake. Akapiga honi, kimya. Harufu ikamjia puani… mafuta ya nywele, ya mtu aliyekaa karibu sana. Baridi ikampanda kutoka kifundo cha mguu hadi gotini. Kando yake, springi za kiti cha abiria zikalia, na kiti kikabonyea taratibu.

Hapakuwa na mtu.

Mwalimu alikuja gizani, akainama. Hakuinama upande wa fundi. Aliegemeza paji la uso kwenye kioo cha abiria.

"Mke wangu," alinong'ona. "Nimekuletea mwenzio."

"Mwalimu, fungua."

"Nisamehe, fundi. Alitaka kuniacha. Nikaenda kwa mtu, nikapewa kitu cha kuficha chini ya kiti, ili asiondoke. Hakuondoka… Gari lilimfungia humo humo, likammeza. Na kesho mimi nahama. Yule mtu aliniambia sitahama hapa kabisa mpaka gari lipate mtu mwingine; likibaki tupu, zamu ni yangu."

Moshi ulikuwa umeanza kujaa. Dada Spana alilala chali kitini akapiga kioo teke, mara tatu, mara nne, hadi nyonga ikamuuma. Kioo hakikupata hata ufa. Kichwa kikawa kizito. Alimfikiria mama yake, ambaye saa hiyo alikuwa anachungulia dirishani akijiuliza mwanawe amekwama wapi. Asingejua. Angeambiwa mwanawe naye amekimbia.

Akaanza kulia bila sauti.

"Twende…"

Sauti ilikuwa sikioni kabisa. Haikuwa ya kutisha. Ilikuwa ya mtu aliyechoka kusubiri.

Aligeuka akakitazama kiti kitupu.

"Dada," alinong'ona, "unataka kutoka?"

"Twende…"

Alikanyaga klachi. Gia, ambayo jioni mbili nzima ilikuwa imemgomea, iliingia yenyewe. Kulikuwa na mkono juu ya mkono wake. Mwembamba. Wa baridi.

Akakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Mbao zilipasuka. Vumbi, taa za barabarani, hewa. Gari lilikwenda hatua ishirini nje ya ua, likazimika lenyewe. Vitufe vikapanda. Mlango wa abiria ukafunguka, kiti kikainuka, springi zikashusha pumzi. Miguu mitupu ilisikika ikikanyaga kokoto, bila haraka, ikielekea barabarani… kisha haikusikika tena.

Majirani walitoka mbio. Mwalimu walimkuta amesimama gerejini katikati ya vipande vya mbao. Wakamshika mikono watoke naye. Alipofika pale milango ilipokuwa, miguu yake iligoma. Wanaume watatu walimvuta. Alilia kama mtoto, wakamwachia. Mwishowe walimwekea godoro humo humo, na humo ndimo analala hadi leo.

Binti alikuja asubuhi. Alisikiliza habari yote kwa fundi. Chini ya kiti cha abiria wakakuta fundo la kitambaa cheusi lililokazwa kwa nywele za mwanamke. Akalichukua akampelekea baba yake.

"Mama yuko wapi?"

"Alikuwa humo humo," mzee alijibu.

Binti akarudi garini. "Dada, hebu nifungulie buti."

Lilikuwa limekwama. Fundi alilichokonoa kwa bisibisi hadi likaachia. Ndani mlikuwa na sanduku moja. Juu zilipangwa nguo za mwanamke. Chini yake yalikuwa magauni madogo madogo, ya mtoto wa miaka sita, na viatu vilivyofungwa kwa kamba zake.

Binti alipiga magoti kwenye kokoto.

"Miaka yote nimemchukia," alisema. "Kumbe alikuwa anakwenda na mimi."

Dada Spana aliinama kuokota gauni moja lililoanguka, ili alikunje vizuri na kulirudisha mahali pake.

Akaliachia haraka.

Lilikuwa bado na joto la pasi.