Sala Iliyokatika Kuwohi

Maegesho ya Kuwohi, mlima mtakatifu wa Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, yalikuwa yamefurika watalii. Raelynn Toineeta, akiwa na sketi yake nyekundu ya riboni, alipinda nyuma ya basi akagongana kifua kwa kifua na Dustin. Damu ilimchemka.

"Rae, mpenzi..."

"Mpenzi wako nani? Nipishe!"

Miezi miwili iliyopita Raelynn alikuwa amemtolea vitu vyake nje ya mlango. Kwa Wacherokee nyumba ni ya mwanamke, na vitu vya mwanamume vikishatolewa nje, uhusiano umekwisha, hakuna mjadala. Dustin, aliyekulia Atlanta, alikuwa amemrekodi bibi yake Raelynn, Bibi Ollie, akisali kileleni alfajiri, sala isiyofaa kurekodiwa, kisha akairusha video mtandaoni. Watu elfu arobaini waliitazama. Bibi, aliyepanda kila mwaka tangu usichana, aliapa hapandi tena.

Leo Raelynn alikuja kusali badala yake. Alipanda kwa hasira, Dustin akimfuata kwa mbali. Juu, ukungu ulitanda na miberoshi ilinukia. Aligeukia mashariki, akaanza sala. Katikati, maneno yakamwishia. Miaka yote alisimama kando ya Bibi akiitikia tu, hakujisumbua kujifunza. Alijichukia mpaka machozi yakamtoka.

"Ninayo yote," Dustin alisema kwa sauti ya chini. "Kwenye simu. Nilitoa ya mtandaoni, hii nikabaki nayo."

"Mpaka leo unayo? Huna haya wewe!"

"Ni sauti ya Bibi, Rae. Nilishindwa kuifuta."

Alimnyooshea simu. Raelynn aliitazama. Kuisikia sala yote, alihitaji kubonyeza kitufe kimoja tu.

"Futa," alisema. "Futa nikiona."

Dustin akafuta. Raelynn akampigia Bibi.

"Bibi, nimekwama katikati. Nisaidie."

"Sala haipiti kwenye simu, mjukuu wangu. Njoo jikoni. Na huyo anayehema hapo nyuma yako ni nani?"

"Dustin."

"Yule mpumbavu! Bado unampenda?"

Raelynn alisaga meno. "Ndiyo. Ndiyo maana nataka kumpiga."

"Basi mlete. Nina miaka themanini na moja, sina muda wa kufundisha mara mbili."

Raelynn akakata simu. Dustin akamsogelea, akinyoosha mkono.

"Usinishike," alifoka. "Jumamosi, saa tatu asubuhi, jikoni kwa Bibi. Tutaanza neno la kwanza, mimi na wewe. Na ukichelewa, Dustin, naapa nakuacha kweli."

"Nitalala mlangoni kwenu."

"Lala. Mvua ikunyeshee."

Akatangulia kushuka. Hatua chache mbele alisimama, akiwa bado amenuna, akamngoja.