Chini ya Nyasi za Vitalis

Maharage yalichemka tangu asubuhi, lakini yalinuka mafuta ya nywele. Hedwiga akayamwaga, akabandika mengine. Yakanuka vilevile, na safari hii chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, ya nyama iliyovunda.

"Baba, haya ya ngolo mpya yana nini?"

"Pua yako hiyo," mumewe Vitalis alisema, akala mpaka akalamba sahani.

Ngolo, kilimo cha mashimo cha huku milimani Mbinga, ni kazi ya wawili: mwanamume anafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, mwanamke anafuata na jembe, anazifukia. Misimu mitatu Vitalis alizilaza peke yake, akimkataza mkewe kufika kabla hajaitwa. Misimu hiyohiyo, kila msimu binti mmoja, kibarua wa kuchuma kahawa, alipotea. "Wamefuata wanaume Liuli, kule ziwani," watu walicheka. Binti akipotea, kwanza achekwe!

Jumapili, mbele ya majirani, koo la Hedwiga likajaa udongo. Akakohoa, akatema msuko wa rasta, kisha ikatoka sauti isiyo yake.

"Mimi Glorious wa Tingi, mchuma kahawa. Dada, wewe ulinifukia. Jembe lako lilinigonga goti, ukadhani kisiki."

Vitalis akamkimbiza mkewe kwa mganga, Bibi Walburga, majirani wakifuata.

"Shikamoo, Bibi. Mke wangu ana jini. Litoe, lisiseme tena."

"Marahaba. Mbona unatetemeka wewe, na mgonjwa ni yeye?" Bibi akamwinamia Hedwiga, akanusa. "Hawa si majini. Ni mabinti watatu. Nikiwatoa, watanyamaza. Niwatoe, mwanangu?"

"Wasitoke," Hedwiga alinong'ona, meno yamejaa udongo. "Chimbeni."

Majirani wakazichimba ngolo, na nyasi zilizooza zikafunuka tabaka kwa tabaka, kikatoka kitenge, kikatoka kiatu, ukatoka mkono ambao mizizi ya maharage ilikuwa imejisokota vidoleni kama pete, na kila aliyewahi kula mezani kwa Vitalis akashika tumbo akatapika palepale shambani.

"Jini lilinituma, jamani!" Vitalis alilia, polisi wakimtia pingu.

Baba yake mdogo, Mzee Bartholomayo, akafuta machozi. "Maskini mwanangu. Jini halina huruma." Wanaume wakaitikia kwa vichwa.

Bibi Walburga akafukiza dawa kuwaaga marehemu. Moshi ukamfikia Hedwiga, ukarudi nyuma. Sauti tatu zikatoka kinywani mwake kwa pamoja:

"Hatutoki. Si jini. Semeni kwanza, kwa jina, nani alituua."

Shamba zima likaangalia chini.