Mfuko wa Khaki

Mzee Marhoun walimkuta amefia sebuleni kwake, mjini Ibra, Omani, kikanzu cha mtoto mapajani na sindano ingali imechomekwa. Daktari alisema ni pumu. Lakini pampu ya pumu, ambayo mzee hakuachana nayo hata msikitini, haikuonekana.

Mkaguzi Fawziya aliikuta ndani ya bati la nyuzi za kofia la mkewe, Bi Ghanima. Chini yake palikuwa na mfuko wa shati la kijeshi, wa khaki, umechanika pembeni.

Roho ikamwuma. Kofia zote za marehemu baba yake zilishonwa na bibi huyu.

Bi Ghanima alikuwa ameshaingia eda, kakaa chumbani na nguo zake nyeupe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeiona?"

"Nimeiona. Mzee alikuwa fundi cherehani?"

"Tangu anioe anauza tende. Sindano sijamwona kuishika, mpaka leo."

Fawziya akauweka mfuko na kikanzu mkekani. Matundu ya vifungo yalizungushiwa uzi kwa namna moja, yakafungwa fundo kwa ndani. Hata yeye asiyejua kushona aliona ni mkono mmoja.

"Mfuko huu wa nani?"

"Wa askari aliyemchukua kaka yangu, Unguja, wakati wa mapinduzi. Nilikuwa mtoto. Nikamng'ang'ania, mfuko ukanibaki mkononi. Kaka hakurudi." Akaupapasa mfuko. "Mshona kofia hapotewi na mkono wa mtu. Umri wangu wote najiuliza, nani aliwashonea watu wale sare?"

"Ukamwuliza mzee."

"Akakiri. Yeye ndiye aliyezibuni, akakata, akashona, bunduki iko mlangoni. Alikuwa kijana. Akalia, pumu ikamshika. Akaninyooshea mkono nimpe pampu. Ilikuwa karibu yangu kuliko yake."

"Na wewe?"

"Nikaitia batini, nikafunga."

Sheria ni msumeno, lakini siku ile Fawziya alitamani ingekuwa butu. Alibakiwa na swali moja.

"Kikanzu cha nani?"

"Cha kitukuu. Arubaini yake bado."

"Anaitwa nani?"

Bi Ghanima akakinyoosha kikanzu mkekani.

"Taimur. Jina la kaka yangu. Mzee ndiye aliyelichagua, nami nikadhani ananifurahisha tu." Akakivuta mapajani mwake. "Umebaki mkono mmoja. Niache niumalize, halafu twende."

"Kimekuwa ushahidi, bibi."

Fawziya akakichukua taratibu. Hapo ndipo Bi Ghanima alipomlilia mumewe, kwa mara ya kwanza tangu afe.