Ndege wa Kinywani mwa Shangazi

Jua lilikuwa linazama nilipoingia msituni kumtafuta shangazi. Alikuwa ametoka mchana kuchuma uyoga, na kwa kikohozi kilichokuwa kikimsumbua hakuwa mtu wa kuachwa peke yake. Yeye ndiye aliyenilea.

Nilimsikia ndege kwanza. Tsii… tsii…

Namjua yule. Mdogo kama ngumi ya mtoto, mgongo wa kahawia kama jani lililooza, koo la rangi ya chungwa. Hukaa chini kabisa, kwenye giza la vichaka. Hufuata msafara wa siafu. Wadudu wakikurupuka kuwakimbia, yeye anadonoa. Nikaangalia nisije nikakanyaga siafu.

Hapakuwa na siafu.

Palikuwa na harufu. Kama nyama iliyosahaulika sufuriani…

Shangazi alikuwa ameegemea mti, kinywa wazi. Ndege amesimama kwenye mdomo wake wa chini. Akazamisha kichwa ndani. Akatoka na kitu cheupe, kinene, kinachojinyonganyonga. Akakigonga kwenye jino la shangazi mpaka kikapasuka, akameza. Ute ukachuruzika kidevuni.

Akazamisha kichwa tena.

Nilitapika. Kisha nikavua kiatu, nikamrushia. Akatoweka.

"Umefanya nini, mwanangu?" shangazi akanong'ona. "Alikuwa ananipunguzia."

"Anakupunguzia nini?"

"Nililishwa kitu. Kwenye arusi ya dada yako. Sijui na nani…"

Nikambeba mgongoni hadi nyumbani. Asubuhi daktari alimmulika kooni, akasema koo ni safi, akampa dawa ya kikohozi. Lakini mimi niliiona ngozi ya shingo yake ikichezacheza.

Jioni pumzi ikaanza kukatika. Midomo ikawa myeusi. Akanyoosha kidole dirishani.

"Shangazi, hapana. Tafadhali."

Kidole hakikushuka.

Nikafungua.

Tsii…

Hakuwa tena na nguvu ya kufumbua kinywa. Ikabidi nimshike taya mimi. Ndege akatua kwenye kidole changu gumba, vikucha vyake baridi, vinanata. Akaanza kula. Nilifumba macho, lakini masikio hayafumbwi. Nilisikia kila kilichopasuka.

Sasa shangazi anatembea, anapika, anacheka. Majirani wananipongeza kwa kumuuguza. Chakula chake hakinipiti kooni, nasingizia tumbo. Kila jioni namshika taya.

Jana ndege walikuja wawili.

Mmoja alizamisha kichwa kinywani mwa shangazi, kama kawaida. Wa pili alitua begani kwangu. Akainamisha kichwa, akawa anautazama mdomo wangu…

Anasubiri.