Chupa ya Saba Imepiga Hodi

Hebu vuta picha ya chumba kidogo kisicho na dirisha. Katikati pana meza, juu ya meza pana hadubini, na ukutani limesimama kabati la chuma lenye mlango wa kioo. Kabati hilo halina nguo wala vyombo. Lina joto, lile lile la mwili wa mtu, halizidi wala halipungui, na ndani yake zimepangwa chupa ndogo bapa zenye maji ya rangi ya waridi. Ni saa saba mchana. Huko nje jua la utosi linachoma, watu wamekwenda kula, na aliyebaki ni mwanamke mmoja tu, fundi wa maabara, ambaye wenzake humwita Bi Chupa. Ameinama, anaandika. Sasa sikiliza. Ndani ya kabati, sauti ya upole inasema:

"Hodi."

Ukishaishika picha hiyo, turudi nyuma kidogo, maana maji hayachemki bila moto.

Bi Chupa alikuwa na mdogo wake wa kike, mshonaji wa nguo, baba mmoja mama mmoja. Wazazi walipokufa alimlea yeye, akambeba mgongoni na kumpeleka shule, na mpaka mdogo mtu alipokuwa na cherehani yake mwenyewe bado alimkagua kama amekula. Siku moja mdogo mtu akaona doa jeusi kisiginoni, dogo kama punje ya mtama. Akadhani ni mafuta ya cherehani. Akalisugua kwa jiwe wiki nzima. Doa likapanuka, likapasuka, na lilipokatwa, daktari akasema ni saratani ya ngozi, tena imekwisha kupanda hadi kwenye mitoki ya kinena.

Kipande kilichokatwa kililetwa maabara, seli zake zikaoteshwa katika chupa ya saba.

"Kisigino changu kimekuwa msomi," mdogo mtu alikuwa akicheka. "Chenyewe kinakaa chuo kikuu, mimi niko nyumbani nakunja pindo za suruali. Kisalimie, dada."

"Nitakisalimia. Wewe kula."

Mkuu wa maabara, Profesa, alikuwa mtu wa mifano. "Kila seli ina kitabu cha maagizo," aliwafundisha. "Kurasa nyingine zimegandishwa kwa nta zisisomwe. Saratani ni janja, hugandisha zile kurasa ambazo zingeitambulisha. Askari wa mwili wanapita mlangoni, wanasikia kimya, wanakwenda zao. Dawa yetu ya kwanza inayeyusha nta. Ya pili inawafungua askari kamba. Basi yule aliyeingia kimyakimya tunamlazimisha apige hodi!"

"Na zile kurasa ambazo hazikugandishwa na saratani?" Bi Chupa aliuliza.

"Hizo ziligandishwa tangu enzi za babu wa babu zetu. Kuna vitu vya kale vilivyowaingia, vikalazwa humo humo, nasi tunavirithi vikiwa usingizini. Navyo vitaamka. Acha vipige kelele! Kelele ndiyo inayowaita askari."

Tangu hapo neno likashika. Chupa iliyoitikia dawa, seli zake ziking'aa kijani chini ya hadubini, iliandikiwa daftarini: Imepiga hodi. Isiyoitikia iliandikiwa: Bado. Na chupa ya saba ilikuwa na siku kumi na tisa za bado. Orodha ya wagonjwa wa kupewa dawa ingefungwa Ijumaa, na ambaye chupa yake haijapiga hodi angeachwa nje. Siku ile ya sauti ilikuwa Alhamisi.

Sasa umeelewa kwa nini Bi Chupa hakukumbuka alichofunzwa utotoni. Shangazi yao, dada wa baba, alikuwa mtabibu wa watu walioingiwa na majini, na kila siku aliwaambia: "Hodi isiyo na jina ni mtego. Kwanza uliza nani." Lakini moyo wenye kiu hauchagui kisima. Bi Chupa alinyanyuka, kalamu ikaanguka, akasema kwa sauti, huku machozi yakimlenga:

"Karibu! Karibu sana!"

Kabati likanyamaza. Chumba kikajaa harufu ya nywele zilizoungua. Aliiweka chupa chini ya hadubini, akaona kijani tupu, kutoka ukingo hadi ukingo. Akaandika: Imepiga hodi.

*

Mdogo mtu akatundikiwa dripu. Baada ya wiki sita mitoki ilinywea. Kisha mabaka meupe yakaanza kumtoka mkononi.

"Dalili njema," daktari wa wodi alifurahi. "Askari wamekuwa wakali mpaka wanaifukuza rangi ya ngozi. Tunayaona kwa wanaopona."

Ni kweli, huonekana. Ila Bi Chupa, aliyezoea kuhesabu vitu vidogo, alihesabu. Mabaka manne yaliyopangana, na moja peke yake upande wa pili wa kifundo cha mkono. Wiki iliyofuata yalikuwa manne na moja juu zaidi. Kisha begani.

"Dada," mdogo mtu alinong'ona mchana mmoja, macho yakiwa mlangoni. "Usimwambie daktari, ataniona nimepungukiwa akili. Nikisinzia kuna mtu ananishika."

"Anakushika vipi?"

"Kama mtu anayepanda ngazi."

Na kule maabara, kila saa saba, hodi iliendelea, kwanza katika chupa ya saba tu, halafu nyuma ya friji, halafu ndani ya bomba la sinki, na Bi Chupa akijikaza asiitike, akiuma ulimi, akifungulia maji yamwagike kwa nguvu ili asisikie, akiimba nyimbo za kubembelezea watoto alizomwimbia mdogo wake, mpaka siku moja alipovua kiatu kutoa kijiwe, na kutoka humo ndani ya kiatu, mahali ambapo hapawezi kukaa hata panya, sauti ile ya upole ikapiga hodi kama mgeni aliyechoka kusubiri.

Alichukua simu akamwita Shangazi.

*

Shangazi alifika wodini na mikono mitupu. Alivuta pazia la kitanda, akamtazama mgonjwa aliyelala. Vidole vitano vyeupe vilikuwa chini ya sikio.

"Nani wewe?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Midomo ya mdogo mtu haikucheza. Jibu lilitoka miguuni, chini ya bandeji ya kisigino.

"Loo! Sasa ndipo mnauliza?"

Bi Chupa alishika chuma cha kitanda.

"Toka," akasema Shangazi.

"Nitoke niende wapi, Shangazi? Mimi ni wa ukoo. Babu zenu walinilaza humu kabla hamjajua kuwasha moto. Mmeyeyusha nta wenyewe. Nikapiga hodi, maana mimi nina adabu, na huyu msomi wenu akanikaribisha. Karibu sana, alisema. Hamjui kwamba mgeni aliyekaribishwa hula?"

Shangazi alimtoa Bi Chupa hadi kwenye ujia.

"Naweza kumlaza tena huyo mgeni, mwanangu. Mdogo wako aache dawa. Nta ikiganda, mgeni atasinzia."

"Na saratani?"

Shangazi akatazama sakafu. "Nayo itanyamaza."

"Ikinyamaza askari hawataiona, Shangazi. Itamla."

"Itamla. Na akiendelea na dawa, kabla ya Ijumaa mkono ule utafika kooni."

Bi Chupa akarudi nyuma ya pazia, akapiga magoti penye kisigino, akanong'ona: "Mwache. Hamia kwangu. Damu ni ile ile."

Kisigino kikacheka, kicheko kidogo cha mtoto aliyeshiba. "Kwako nipo, ila nimelala. Niamshe."

Jioni ile ile Bi Chupa alifungua friji ya maabara, akavuta dawa ya kuyeyusha nta, akajidunga. Harufu ya nywele ikampanda puani kutokea ndani. Halafu sauti ikasema, safari hii ndani ya mguu wake mwenyewe:

"Mimi ni mtu wa ahadi. Yeye simgusi tena, mpaka siku atakapokuja kwa miguu yake, apige hodi mlangoni kwako, nami nimkaribishe."

"Hatakuja," akasema Bi Chupa.

"Basi una hofu gani?"

Asubuhi vidole vilikuwa vimefifia shingoni mwa mdogo mtu, na kwenye kifundo cha mkono wa dada yake kulikuwa na mabaka manne na moja.

"Usimwambie," Shangazi alimwonya. "Akijua anapona kwa bei gani atachomoa dripu, namfahamu. Amebakiza miezi sita ya dawa. Siku akimaliza, mwambie yote, na huko kwako asikanyage."

Bi Chupa akapanga chumba upande mwingine wa mji, ghorofa ya tatu, bila kumwambia mtu. Simu ilipoita hakupokea. Ujumbe aliusoma gizani mwa blanketi. Dada, nimekukosea nini? Halafu: Leo nimetembea bila fimbo. Halafu: Hata salamu, dada? Halafu kwa wiki tatu hakukuja kitu. Bi Chupa alihesabu siku ukutani kwa penseli. Mkono mweupe ulipanda polepole, kiwiko, bega, maana mgeni huyu hakuwa na haraka. Kisiginoni kukatokea doa, dogo kama punje ya mtama.

Siku ya dawa ya mwisho ikafika. Alikuwa amekwisha kuandika barua ndefu, kila kitu kimo, aipeleke saa kumi dripu ikishatolewa. Ilikuwa juu ya meza, imekunjwa. Saa saba mchana alisikia miguu kwenye ngazi. Hatua moja nzito, moja nyepesi, ya mtu ambaye kisigino chake kimoja kilikatwa. Wodini walikuwa wamemaliza mapema.

Bi Chupa aliruka aseme rudi, usiguse mlango, mdogo wangu, kimbia, barua imeandikwa na kila kitu kimo, nisamehe, kimbia, lakini vidole vitano vilivyopanda miezi sita hadi chini ya sikio vilisogea hatua yao ya mwisho, vikamfumba koo taratibu, kama mama anavyofumba mdomo wa mtoto kanisani au msikitini, na kutoka kifuani mwake hakukutoka hata pumzi.

"Hodi! Dada! Msichana wa benki hapo jirani, ninayemshonea nguo, ndiye aliyekuona akaniambia unakaa hapa. Ukinifukuza nifukuze, lakini sikia kwanza. Wamesema nimepona! Dada? Hodi!"

Na chini ya meza, kutoka kisiginoni, ikatoka sauti ya Bi Chupa mwenyewe, ile ile ya upole aliyomlelea mdogo wake.

"Karibu, mdogo wangu. Karibu sana."

Kitasa kikazunguka.

Mengine yote unaweza kuyasahau, mambo ya nta na askari na majina ya dawa, na hakuna atakayekulaumu. Ila nakuomba ukumbuke hili moja tu: hodi ikipigwa, hata ile uliyoisubiri kwa machozi, kabla hujasema karibu, uliza kwanza nani.